Hoteli yangu imefungwa kwa "dharura" na hakuna aliyenisikiliza

Mshauri wetu, salamu nyingi kutoka mpakani.

Mimi nina hoteli ya chakula katika mji mdogo wa magharibi mwa Uganda, karibu kabisa na Kongo. Wateja wangu ni madereva wa malori, akina mama wanaovuka na mafuta ya mawese, vijana wa bodaboda, na watu wa ofisini wanaoingia saa saba mchana. Napika ugali, wali, matoke, sombe, maharagwe, nyama na samaki wa Ziwa Edward. Leseni yangu ya biashara haijaisha, nililipia benki na risiti ninayo. Wapishi wangu wana vyeti vya afya, ila cha mmoja kilikuwa kimepitwa na wakati. Hilo nalisema wazi.

Mwezi uliopita, siku ya soko, mabomba ya mji yalikauka tangu alfajiri. Sote wenye hoteli kwenye barabara ile tulinunua maji ya madumu kwa vijana wa baiskeli. Mchana watu wakala kama kawaida. Jioni nikasikia kwamba wanaume wanne waliokula kwangu wako kituo cha afya, wanatapika na kuhara. Nilikimbia kuwaona. Wawili nilikuta wameshawekewa dripu, na mmoja akaniambia walikula kwangu saa nane na kabla ya saa kumi matumbo yalikuwa yameshaanza kuwakata. Walikuwa watu wa lori moja, na asubuhi walikuwa wamekula mahali pengine njiani. Kesho yake wote waliruhusiwa, Mungu ashukuriwe.

Usiku uleule mkaguzi wa afya alikuja na askari wa halmashauri. Hakuchukua chakula cha kupima, hakuchukua maji, hata sufuria hakufunua. Alisema tu, "Mama, toka nje." Wakazima umeme kwenye swichi kubwa, wakafunga kwa kufuli lao na kubandika karatasi mlangoni. Ndani nimeacha friji yenye nyama na samaki. Baada ya siku chache harufu ikaanza kutoka chini ya mlango, na majirani wakaanza kunisema mimi.

Barua nilipewa kesho yake. Inasema hivi: "Leseni yako imesimamishwa mara moja kwa dharura ya afya ya umma, kufuatia hofu ya taifodi, mpaka utakapoarifiwa vinginevyo." Basi, imeishia hapo. Haitaji sheria yoyote wala siku ya kuonana na mtu, na sahihi ni ya mtu aliyesaini kwa niaba ya karani wa mji. Nikienda ofisini naambiwa mkubwa yuko semina, mara nyingine faili liko wilayani. Kijana mmoja wa pale akaninong'oneza kwamba nikileta laki tano, "pesa ya mafuta" ya mkaguzi, atakuja kukagua upya na kufuli litatoka siku hiyohiyo.

Hoteli nyingine zilizopikia maji yaleyale ziko wazi hadi leo. Mimi nina wasichana wa kazi, nina mkopo wa SACCO, nina watoto shuleni. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chetu, anasema nitulie, mambo yatapoa. Mume wangu anasema tuvunje kufuli, kwani nyumba tunailipia kodi sisi. Dada yangu anasema nifungue chumba kingine kwa jina la binti yangu. Wengine wananituma kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Je, wanaweza kunifungia hivi bila kunisikiliza? Na kama hawawezi, naanzia wapi?

Mama Hoteli, mpakani

MSHAURI ANAJIBU

Mama Hoteli, pole sana, na asante kwa kueleza mambo yote, hata lile la cheti kilichopitwa. Litakusaidia kuliko unavyodhani.

Nianze na swali lako lenyewe. Wanaweza kukufungia kwanza na kukusikiliza baadaye. Kukufungia na kutokukusikiliza kabisa hawawezi. Shauri lako lote limesimama hapo, na kila utakachoandika au kusema kuanzia leo kirudi hapo.

Sitaki uanze kwa kulalamika kwamba walikuja usiku bila taarifa. Ukianza hivyo utashindwa mapema. Ukanda wako wa mpakani umeona mengi: kipindupindu cha Kasese mwaka 2015 kilichosambaa kwa maji machafu, na Ebola iliyovuka kutoka Kongo mwezi Juni 2019. Ofisa wa afya anayesikia kwamba watu wanne waliokula chungu kimoja wamelazwa ana sababu ya kushtuka, na mimi ningependa ashtuke. Jaji yeyote atamwelewa kwa usiku ule. Asichoweza kumwelewa ni kesho yake, na wiki iliyofuata, na wiki baada ya hiyo, ambapo hatari ilikuwa imeshadhibitiwa kwa kufuli na bado hakuna aliyekuita ukae kwenye kiti ujibu.

Ibara ya 42 ya Katiba ya Uganda inampa kila mtu anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa usawa na uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi uliotolewa dhidi yake. Ibara ya 40 inampa kila mtu nchini haki ya kufanya biashara halali. Halafu kuna ibara ya 44, ambayo watu wengi hawaijui: inataja haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, na haki ya kusikilizwa ni mojawapo. Haki hiyo imewekwa pamoja na ulinzi dhidi ya mateso na utumwa. Kwa hiyo mtu akikuambia ofisini kwamba "dharura haina kusikilizwa," mjibu kwa adabu kwamba dharura huchelewesha kusikilizwa, haikufuti.

Sasa itoe barua yao uisome tena pamoja nami, maana imejaa kasoro.

Kwanza, haitaji sheria. Halmashauri haina uwezo wa kuzaliwa nao; kila inachofanya lazima kiwe kimeruhusiwa na sheria fulani, na kifungu fulani, kwa ofisa fulani. Leseni yako ilitolewa chini ya sheria ya leseni za biashara. Mkaguzi wa afya naye anafanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Umma, ya tangu 1935, na utaratibu wake wa kawaida kwa jengo lenye kasoro ni notisi ya maandishi inayosema kasoro ni ipi na muda wa kuirekebisha ni upi. Mkaidi ndiye anayepelekwa kwa hakimu. Hizo ni njia mbili tofauti. Barua yako imezichanganya: sababu imechukuliwa kwenye afya, adhabu imechukuliwa kwenye leseni, na hakuna kifungu kilichotajwa cha njia yoyote. Waulize ni ipi. Swali hilo peke yake huwafanya maofisa wengi wafungue vitabu.

Pili, sahihi ya "kwa niaba ya". Huenda ni halali, huenda aliyesaini hakupewa madaraka hayo. Usilifanye kuwa hoja kuu, lakini uliza.

Tatu, na hili ndilo zito, haina mwisho. Kusimamisha leseni maana yake ni kwa muda, ili jambo lichunguzwe. "Mpaka utakapoarifiwa vinginevyo," bila siku ya ukaguzi, bila sharti unalotakiwa kutimiza, bila tarehe ya kikao, ni kukufutia leseni pasipo kukiri kwamba wamefuta. Yeyote anayefutiwa leseni ana haki ya kuambiwa kosa na kujitetea, na hiyo ndiyo kazi waliyoikwepa.

Nne, taifodi. Hapa naomba usome polepole. Taifodi haimwangushi mtu ndani ya saa mbili. Tangu vijidudu vyake vimwingie mtu mpaka homa imshike hupita siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au mbili. Mtu aliyekula saa nane na kutapika kabla ya saa kumi, kama ana taifodi, aliipata mahali pengine siku nyingi kabla hajakanyaga kwako. Hata kipindupindu kwa kawaida huchukua nusu siku au zaidi. Maana yake ni kwamba sababu pekee iliyoandikwa kwenye barua haiendani na saa za wagonjwa wenyewe. Nenda kituo cha afya, uombe kwa heshima waandike saa walizofika na ugonjwa waliotibiwa, bila majina, kwa sababu siri za wagonjwa si zako wala zangu. Wakikataa, andika kwamba uliomba na ni nani uliyemwomba.

Lakini mama, nikupende kwa kukuambia na upande wa pili. Kuugua haraka namna ile, saa moja au mbili baada ya kula, huletwa mara nyingi na sumu ambayo bakteria wameshaitengeneza ndani ya chakula: wali uliopikwa asubuhi ukakaa bila moto wala baridi, au nyama iliyoshikwa na mpishi mwenye kidonda kidoleni. Sumu ya namna hiyo haifi hata ukipasha chakula tena. Inaweza kuwa ni chakula cha njiani cha asubuhi. Inaweza pia kuwa jikoni kwako. Hivyo kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba huna kosa, kaa na wapishi wako wote, uulize wali wa siku ile ulipikwa saa ngapi, ulikaa wapi, nani aliukoroga. Yule mwenye cheti kilichopitwa apimwe wiki hii, na stakabadhi uiweke. Yule mwenye kidonda, kama yupo, apumzike na alipwe. Unapigania haki ya kusikilizwa, na atakayekusikiliza atakuuliza hayohayo.

Na maji. Mlipuko wa taifodi wa Kampala wa mwaka 2015, ulioshukiwa kuwapata watu zaidi ya 10,000, ulihusishwa na maji na juisi ambayo haikutibiwa vizuri. Madumu ya siku ile ni jambo la kweli. Tafuta kijana aliyekuuzia, ujue aliyachota wapi, ikiwezekana sampuli ya chanzo kile ipimwe. Wenzetu wa shirika la maji la taifa wanajua namna ya kupima. Kuanzia sasa uwe na tangi na dawa ya klorini ya siku ambazo bomba limekauka. Kuhusu hoteli jirani zilizopikia maji yaleyale na ziko wazi, hoja hiyo itumie kwa uangalifu: inaonyesha kwamba uamuzi haukupimwa, kwani kama hofu ilikuwa maji, kwa nini mlango mmoja? Usiende kuomba jirani zako nao wafungwe. Mtaendelea kuishi barabara moja.

Sasa kazi ya kwanza ya mikono. Andika barua kwa karani wa mji. Ofisi zetu huandikiana kwa Kiingereza, kwa hiyo mwombe mwalimu wa sekondari au kijana unayemwamini aiweke katika lugha hiyo, lakini kiini chake kiwe hivi:

"Mimi ni mwenye leseni namba fulani. Usiku wa tarehe fulani hoteli yangu ilifungwa, na kesho yake nikapewa barua ya kusimamishwa, ambayo nakala yake naiambatisha. Sikuulizwa lolote kabla, na tangu siku hiyo sijaitwa kusikilizwa. Naomba niambiwe sheria na kifungu kilichotumika, na ofisa aliyefanya uamuzi. Naomba nakala ya ripoti ya mkaguzi na majibu ya vipimo, kama vilichukuliwa. Naomba nipewe siku ya kusikilizwa ndani ya siku 7, na orodha ya masharti ninayotakiwa kutimiza ili ukaguzi ufanyike upya. Naomba pia jengo lifunguliwe mbele ya mkaguzi na mwenyekiti wa LC1, chakula kilichooza kitolewe na kuteketezwa, kwa sababu hivi sasa chenyewe ni hatari kwa majirani. Nimeshafanya yafuatayo kwa upande wangu..." Hapo taja cheti kipya cha mpishi, tangi, klorini, na lolote ulilorekebisha.

Usiongeze matusi wala historia ya chuki na mkaguzi. Ombi la kutoa nyama iliyooza liwe la kwanza kufuatiliwa, kwa sababu hakuna ofisa anayeweza kulikataa akabaki na uso. Siku mlango ukifunguliwa, piga picha kila kona kabla hakijaguswa kitu. Picha hizo zitaonyesha jiko lilivyoachwa, na zitaonyesha kwamba sufuria hazikuguswa na mtu yeyote wa vipimo.

Barua hiyo itoe nakala nne au tano. Moja ni ya karani wa mji, nyingine za mwenyekiti wa LC3 (baraza la mji), ofisa mkuu wa afya wa wilaya, na ofisa mkuu mtendaji wa wilaya mnayemwita CAO. Nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, kwenye ofisi ya karani hasa. Wakikataa kugonga, nenda na shahidi, acha barua mezani, kisha uandike jina la aliyeipokea na saa. Bila muhuri au shahidi, miezi miwili baadaye watasema hukuwahi kuandika.

Ripoti ya mkaguzi wakikunyima, wewe ni raia, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inakupa haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Na kama watakujibu kwamba ripoti haipo, hilo ndilo jibu zuri kuliko yote unayoweza kupata.

Kuna tarehe moja ya kuiandika ukutani: miezi 3 tangu siku uliyofungiwa. Kanuni za mapitio ya mahakama za mwaka 2009 zinataka ombi la kupinga uamuzi wa chombo cha umma lifikishwe Mahakama Kuu haraka, na ndani ya miezi 3. Jaji anaweza kuongeza muda akipewa sababu nzito, lakini "niliambiwa nitulie" haitoshi. Ndiyo maana ushauri wa mwenyekiti wako wa LC1, ingawa ni wa nia njema, ni wa hatari. Mwezi mmoja umeshakwenda.

Barua ile ina kazi nyingine pia. Marekebisho ya kanuni hizo ya mwaka 2019 yanamtaka jaji ajiridhishe kwamba mlalamikaji amekwisha kutumia njia zote zilizopo ndani ya chombo chenyewe au katika sheria kabla ya kukimbilia kwake. Kwa hiyo kama watakutajia sheria, na sheria hiyo ina ngazi ya rufaa, panda ngazi hiyo kwanza, kwa maandishi, huku ukihesabu siku. Ukiruka, wakili wa halmashauri atasimama aseme ombi limekuja mapema, na utarudishwa nyumbani na gharama juu yake.

Ukifika Mahakama Kuu, ujue unachoomba. Tangu kesi ya Pastoli dhidi ya Halmashauri ya Wilaya ya Kabale, ambayo majaji wetu huirejea kila mara katika mambo haya, sababu ni tatu: uamuzi ulivunja sheria, au haukuwa na akili ndani yake, au haukufuata utaratibu wa haki. Wewe una ya tatu mkononi, ya kwanza huenda unayo, na ya pili inategemea ile hoja ya taifodi na saa mbili. Jaji hatasema jiko lako ni safi. Hakimu wa usafi si yeye. Atakachofanya ni kutengua uamuzi, na pengine kuirudishia halmashauri iufanye upya kwa kukusikiliza. Wakati ombi kuu linasubiri, wakili anaweza kuomba zuio la muda ili ufungue. Hapo ndipo jaji atapima hatari kwa wananchi, na hapo ndipo cheti kipya cha mpishi na majibu ya maji yatakuwa na thamani kuliko hotuba yoyote. Fidia nayo inaweza kuombwa ndani ya ombi hilohilo, ila ithibitishwe: daftari la mauzo ya kila siku, risiti za nyama na samaki, taarifa ya mobile money ya miezi ya nyuma, mishahara uliyolipa hoteli ikiwa imefungwa. Kama daftari limefungiwa ndani, liwe kwenye orodha ya vitu vya kutoa siku mtakapofungua.

Kwa maoni yangu, wengi wa aina yako hufunguliwa kabla ya jaji kuona faili. Halmashauri inapoona barua yenye muhuri, nakala wilayani, na kisha barua ya wakili inayotaja tarehe ya miezi 3, mtu huko ndani huuliza, "Ripoti iko wapi?" na ripoti haipo. Mahakama Kuu ina tawi Fort Portal, usidhani lazima ufike Kampala. Kuhusu ada ya wakili, kabla ya kuuza kitu, uliza FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, na Justice Centres Uganda, ambao huwasaidia bure watu wasio na uwezo. Hata wasipoweza kubeba kesi nzima, barua moja ya wakili inaweza kutosha.

Hiyo laki tano, usitoe. Ukitoa, umefanya kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009, wewe pamoja na mpokeaji, na umejinyang'anya kesi iliyo nzuri. Tena kufuli litakaloondoka kwa pesa litarudi kwa njaa ileile, na mara ya pili bei itakuwa imepanda. Ada halali ya ukaguzi, kama ipo, hulipwa benki na hutolewa risiti, haiendi kwenye simu ya mtu. Andika siku, saa na maneno ya yule kijana wakati bado unayakumbuka. Ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayeshughulikia rushwa, ina tawi Fort Portal, na jambo hili ni lao kabisa. Unaweza kulipeleka sambamba na barua yako, lakini usilitishie kwa mdomo pale ofisini. Peleka tu.

Kufuli msilivunje. Mume wako ana haki ya kukasirika na kodi ni yenu kweli, lakini siku mtakapovunja, habari itakuwa mama aliyevunja kufuli la serikali, wala si mama aliyefungiwa bila kusikilizwa. Polisi watahusika, na jaji utakayemwomba zuio atakuuliza kwa nini akusaidie kufuata sheria uliyoikanyaga. Chumba cha binti yako nacho kiache. Atakuwa anauza bila leseni, na wewe utakuwa umemwingiza mtoto kwenye shauri lisilo lake.

Kwa RDC unaweza kwenda, hakuna ubaya. Katiba imempa kazi ya kumwakilisha Rais na kuratibu huduma za serikali wilayani, na simu yake moja inaweza kumtoa mkubwa wa semina arudi ofisini. Lakini yeye si ngazi ya rufaa ya leseni. Akikuahidi jambo, mshukuru, kisha uendelee na barua na hesabu ya siku zako kana kwamba hukwenda.

La mwisho ni la SACCO. Usisubiri tarehe ya marejesho ipite. Nenda kwa meneja wiki hii na nakala ya barua ya kusimamishwa na nakala ya barua yako yenye muhuri, uombe kwa maandishi marejesho yasogezwe au ulipe riba tu kwa sasa. Anayekwenda kabla ya kushindwa husikilizwa tofauti na anayefuatwa nyumbani. Na wasichana wa kazi waambie ukweli wa hali ilivyo, uwalipe siku walizokwisha fanya, maana hao ndio mashahidi wako wa usiku ule: kila mmoja aandike sasa alichokiona, kwa maneno yake, aweke sahihi na tarehe, ili wakili akija kuandaa hati za kiapo akute kumbukumbu bado ni mbichi.

Niandikie tena ukishapata muhuri wa karani, na unitumie jibu lao neno kwa neno.